Marinda Kumi na Manne

Kitunguu nilikiweka mimi. Nalisema mapema kabla hujalisikia kwingine, maana mtaa wetu una midomo mingi kuliko milango, na kila mdomo unakisimulia kile kitunguu kwa ukubwa wake. Kilikuwa kimoja tu. Cha wastani.

Mimi ni dobi. Darasa la saba nilimaliza, nikaolewa na beseni, na huu ni mwaka wa thelathini na moja hatujaachana. Siri za watu nazisoma kwenye kola. Anayepiga pasi ni mjukuu wangu, ana miaka ishirini na sita. Wateja wanamwita Nyoosha, kwa sababu ukimpa shati lililokunjamana kama uso wangu, atakurudishia shati kama karatasi mpya.

Nyoosha ana usonji. Daktari alituambia alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo majirani walikuwa madaktari, kila mmoja na dawa yake na jina lake: mkaidi huyo, ana kiburi huyo, amedekezwa na bibi yake huyo. Hilo la mwisho lina ukweli kidogo. Hapendi kelele, hapendi kushikwa bila kuulizwa, na akiongea na wewe hakutazami machoni. Hilo la macho nilijifanya fundi wa kulirekebisha. "Tazama katikati ya nyusi," nilimfundisha akiwa mdogo, "mtu atadhani unamtazama yeye." Akajifunza. Tatizo ni kwamba akizitazama nyusi zako, akili yote inahamia huko na maneno yako hayasikii. Mteja mmoja alisema shati lake lisitiwe wanga. Likatiwa wanga mpaka likasimama lenyewe. Tukaachana na nyusi.

Basi siku moja akaingia msichana mwenye mashati manne, masikioni kavaa vile vidude vikubwa vya kuziba kelele kama rubani wa ndege. Akayaweka mashati mezani bila hodi wala salamu. Nikajiandaa kumpa somo la adabu. Nyoosha akageuza kola ya shati la juu, akasema, "Umekata lebo."

"Zinakwaruza."

"Na mimi nakata zangu."

Ndiyo salamu zao hizo. Nikalimeza somo langu la adabu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hapa walikuwa wamekutana watu wawili wa msuko mmoja.

Yule msichana alikuwa mwongozaji wa filamu. Si zile za makampuni makubwa. Zake anazitengeneza na wenzake watano au sita, kwa vifaa vya kuazima. Yeye mwenyewe ana usonji, na alikuwa ameandika filamu ya mwanamke mpiga pasi mwenye usonji. "Sitaki mtu wa kuigiza kwamba anao," aliniambia huku akitazama ndoo. "Nataka mwenye nao." Akamwachia Nyoosha karatasi za mchezo, wenyewe wanaziita skripti.

Nyoosha alikaa nazo siku tatu, akazirudisha zimejaa penseli. "Huwezi kupiga pasi kiuno kabla ya kola," alimwambia. "Na huyu mwanamke, nataka kuwa mimi."

Nilikuwa nasuuza mashuka, nikaacha. Neno "nataka" halitoki ovyo kinywani mwa mjukuu wangu. Mara ya mwisho kulisikia ilikuwa miaka minne nyuma, na lilihusu feni.

Wakaziandika upya zile karatasi wakiwa wawili. Zilipokwisha wakanipa nisome, nikavaa miwani, nikacheka hapa na pale, mpaka nikafika katikati, nikajikuta mimi mwenyewe nimesimama pale kwenye karatasi.

Miaka sita iliyopita binti yangu, mama yake Nyoosha, alikuwa amelazwa hospitali. Tulishaambiwa siku ile angeruhusiwa kurudi nyumbani. Akaagiza gauni lake la kijani lenye marinda. "Liwe tayari saa sita," alisema, "nataka nitoke humu kama mtu anayetoka kwenye sherehe." Saa tano na robo nikarudi mbio, nikamkuta Nyoosha kwenye meza ya pasi. Nikamwambia, "Mama yako ametutoka." Hakuinua uso. Akaendelea kupiga pasi, rinda baada ya rinda, nami nimesimama pale pumzi zinanitoka, mpaka akamaliza. Nikamwambia, "Moyo wako ni wa chuma kama hiyo pasi." Akalitundika gauni kwenye hanga, akasema, "Tayari." Nikatoka nikamwacha nalo.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Vidole vyangu vimepona mara nyingi. Neno lile hatukuligusa tena kwa miaka sita, nikadhani limepotea. Kumbe alikuwa ameliweka, kama anavyoweka kila kitu, limekunjwa vizuri.

"Hilo mnaliacha humo?" nilimwuliza.

"Ulilisema," alijibu.

Wakaingia dukani kwangu kurekodi. Nimeona harusi, nimeona misiba, nimeona mkaguzi wa afya, lakini watu wa namna ile sikuwahi kuwaona. Hakuna aliyepaza sauti. Kuanza, mwongozaji aliinua kitambaa cha njano, na kuacha, alikishusha. Ratiba ilibandikwa ukutani, kila kitu na saa yake, hata chai. Ulipotaka kumgusa mtu, hata kumweka kola sawa, uliuliza kwanza. Stoo yangu ya mashuka wakaifanya chumba cha kimya. Aliyechoka aliingia humo bila kueleza, na aliyetaka kumwona aliinua kadi mlangoni akasubiri. Nikasema moyoni, hawa watu wamenifungulia nyumba ya watawa. Lakini siku ya tatu nilijishika nimejificha stoo mwenyewe, nikimkimbia mteja mwenye maneno mengi. Kadi aliinua. Sikumwitikia.

Kamera na taa zilikuwa za bwana mmoja, tumwite Mwenye Vifaa. Aliwaazima kwa sharti la kuwa na sauti katika uchaguzi wa waigizaji. Jumatatu akaja kutazama mazoezi ya tukio lile la gauni. Mimi katika mchezo niliigizwa na mama mmoja wa jukwaani, mrembo kuliko mimi, nikanyamaza nisije nikawakumbusha. Walipomaliza, Mwenye Vifaa akakuna kidevu, akaniambia mimi, "Bibi, huyu binti haonyeshi chochote. Kafiwa na mama yake, uso kama kafiwa na jirani wa mtaa wa tatu."

"Mimi niko hapa," alisema Nyoosha.

Yule bwana akageuka kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Kisha akaendelea kuongea na mwongozaji. Watu wanataka machozi, alisema. Yuko dada mmoja wa tamthilia za televisheni, analia hata akinunua nyanya. "Alhamisi nakuja na gari. Nikiona tukio limesimama vizuri, vifaa vinabaki. Nikiona hivi hivi, aje yule dada, au nachukua vyangu."

Mwongozaji alishika masikio yake. "Dada huyo hatakuja," alisema.

"Basi sina neno. Alhamisi."

Alipoondoka yule bwana, Nyoosha alipiga pasi foronya ishirini na mbili mfululizo, foronya ambazo zilikuwa zimeshapigwa. Nilipompelekea maji akasema bila kunitazama, "Bibi, nataka hii." Mara ya pili hiyo, mwezi mmoja.

Sasa wewe unayesoma, niambie, bibi gani angekaa kimya? Jumanne nikaanza kazi yangu. Nikazirudisha zile nyusi. "Ukimaliza rinda la mwisho, mtazame bibi katikati ya nyusi, halafu toa chozi."

"Kwenye skripti silii."

"Skripti si msahafu. Chozi moja tu!"

"Halitoki kwa kuitwa."

"La mwigizaji linatoka."

"La kwangu halitoki." Akaweka pasi chini. "Na nyusi zinanichosha."

Jumatano ikapita hivyo hivyo. Alhamisi nikaamka na hekima. Nilikwangua kitunguu, nikakikamua kwenye leso, nikatia maji yake kwenye chupa ya kunyunyizia, ile anayoitumia kulainisha nguo kabla ya pasi. Nikaitikisa, nikajiona profesa. Atanyunyiza, macho yatamwasha, chozi litadondoka, kamera itabaki, na hakuna atakayejua. Nilifikiria macho, nilifikiria kamera. Mimi, dobi wa miaka thelathini na moja, sikufikiria maji ya chupa ile yanakwenda kuangukia wapi.

Gauni lilikuwa lile lile la binti yangu. Mwongozaji alitaka kushonesha jingine, Nyoosha akakataa.

Saa nne juu ya alama Mwenye Vifaa alikuwa kwenye kiti chake. Kitambaa cha njano kikainuka. Nyoosha akanyunyiza rinda la kwanza, akashusha pasi ya moto.

Hujawahi kuona kitunguu kikipigwa pasi. Mungu akuepushe. Mvuke ulipanda kama jini, ukajaa chumba chote, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya kinasa sauti. Mpiga kamera akaanza kulia. Wa sauti akalia. Mama wa jukwaani, aliyekuwa ameinama karibu na meza akisubiri kusema neno lake, macho yakamvimba kama maandazi mawili. Mwenye Vifaa alitoa leso akapenga kwa sauti ya tarumbeta. Alitaka machozi, akayapata, na mengi yalikuwa ya kwake.

Chumba kizima kililia isipokuwa mtu mmoja. Nyoosha aliisimamisha pasi kwenye kisigino chake, akachomoa waya, akalinusa gauni la mama yake. Kisha akaingia stoo, akafunga mlango.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza mwongozaji. Yeye alikuwa amejifunika pua kwa kile kitambaa cha njano.

Ningeweza kusingizia soko. Ningeweza kusingizia paka. Uongo mzuri kabisa ulinijia, tena mitatu. Nikasema, "Mimi."

Nikachukua kadi, nikaenda kusimama mlangoni pa stoo kama mgeni. Nilisimama muda mrefu, mkono ukafa ganzi, nikahamishia kadi mkono wa pili. Hatimaye mlango ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja.

"Umenyunyiza kitunguu gauni la mama."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ulie."

"Nililia."

"Lini?"

"Jumanne ya wiki iliyofuata. Saa nane mchana. Ulikuwa umekwenda kununua sabuni. Nililia mpaka saa tisa na dakika kumi. Halafu nikaosha uso, kulikuwa na mashuka ya kupiga."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. "Sasa siku ile mbona uliendelea tu, mjukuu wangu? Mbona hukuacha?"

"Ulipoingia nilikuwa rinda la tisa. Yako kumi na manne. Mama alisema saa sita."

"Lakini mama alikuwa hayupo tena."

"Alichosema kilikuwepo."

Miaka sita nilikuwa na swali hilo mfukoni na sikuwahi kuliuliza. Niliona rahisi zaidi kumpa jibu. Nikamwambia, "Nisamehe kwa kitunguu. Na nisamehe kwa la chuma."

Alifikiri. Yeye hatoi msamaha kama watu wanavyotoa chenji. "La kitunguu nitafua," alisema. "La chuma libaki kwenye skripti." Akatoka, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye beseni.

Mwenye Vifaa alikuwa anafunga masanduku, macho mekundu. Nyoosha akasimama mbele yake, mikono imejaa povu, akitazama kufuli ya sanduku.

"Ulisema Alhamisi."

"Binti, nimeona nilichoona."

"Umeona kitunguu. Mimi hujaniona. Gauni litakauka saa tisa. Tutarekodi saa tisa na nusu. Alhamisi inaisha saa sita usiku."

"Na huyo wa kuigiza bibi? Macho hayafunguki!"

"Bibi ni huyo." Akanielekezea kidole chenye sabuni.

"Mimi?" nikaruka. "Mimi nimeigiza lini?"

"Jumanne na Jumatano," alisema Nyoosha, "ulikuwa unanionyesha namna ya kuigiza."

Mpiga kamera akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenye Vifaa akatazama saa yake, akatazama sanduku, akakaa juu yake. Sijui kama ni ubishi au ni yale macho, hayakumruhusu kuendesha gari. Alikaa.

Gauni lilifuliwa maji matatu, likaanikwa juani. Mwongozaji akaniketisha, akanipa karatasi. Maneno yangu yalikuwa mawili tu: lile la kuingilia na lile la chuma. Katikati yake palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa nasema nini?"

"Hapa unanyamaza."

"Muda gani?"

"Marinda matano. Dakika kama nne."

"Mwanangu, mimi sijawahi kunyamaza dakika nne tangu ning'oe jino."

Nyoosha alikuwa anajaza chupa maji mapya, baada ya kuisugua kwa chumvi. "Usibadilishe kitu, bibi," alisema. "Hata kidogo. Ukibadilisha sitajua nilipo."

"Na lile neno kweli nilirudie? Tuweke jingine, zuri zaidi?"

"Ulilisema hivyo."

Nikaahidi. Mimi ambaye hata dawa ya daktari huwa naipunguza nusu na kuongeza tangawizi, niliahidi kufuata karatasi.

Saa tisa na nusu kitambaa kikainuka. Nilisubiri nje ya mlango, nikihesabu pamoja naye. Akimaliza la nane ndipo niingie. Nikaingia. Sikuhitaji kutafuta pumzi, zilinitoka zenyewe.

"Mama yako ametutoka."

Pasi ilikuwa juu ya rinda la tisa. Ilisimama. Moshi mwembamba haukutoka, aliiinua kwa wakati, kiasi cha unywele, akaishikilia hewani. Kisha akaishusha, akaendelea. La kumi. Anabana pindo kwa kidole gumba, ananyunyiza, anashusha, anavuta. La kumi na moja. Sikujua kabla ya hapo kwamba anahema kwa kufuata pasi, akishusha anatoa, akiinua anaingiza. La kumi na mbili. Mdomoni mwangu maneno yalipanga foleni kama wateja siku ya kuelekea sikukuu, kila moja linasukuma. Nikayafungia. La kumi na tatu. La kumi na nne.

Halafu alirudi nyuma. Akalitafuta rinda la tisa, lile lililopatwa na habari, akalipiga upya, polepole, mara mbili. Hilo halikuwa limeandikwa kwenye karatasi yangu. Lilikuwa kwenye ya kwake. Na siku ile pia alilifanya, sasa nilikumbuka. Nilikuwepo, nikiwa na macho mazima, na sikuona kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na hasira.

Zamu yangu ikafika. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu uliota mmoja. Nikausukuma.

"Moyo wako ni wa chuma kama hiyo pasi."

Akalitundika gauni kwenye hanga, akafunga kifungo cha juu. Akatazama mikono yangu, si macho, si nyusi. "Tayari," alisema, akalinyoosha kwangu.

Hapo ndipo walipobadilisha jambo moja tu katika mambo yote ya siku ile. Bibi wa kwenye skripti hatoki akamwacha. Bibi wa kwenye skripti analipokea. Nikalipokea. Lilikuwa bado la moto, na kwa mbali, chini kabisa ya sabuni, lilinuka kitunguu.

Mwongozaji hakushusha kitambaa. Mkono wake ulikuwa juu, umesahau. Alikuja kukishusha pale Nyoosha aliposema, "Imeisha," na yeye ndiye aliyechomoa waya wa pasi.

Mwenye Vifaa alinyanyuka kutoka kwenye sanduku lake. Akalizunguka. Akafungua kufuli zake mbili, moja baada ya nyingine, akarudisha lenzi kwenye meza. Kisha akanijia, akafungua mdomo kuniuliza jambo, akaufunga. Akageuka kwa mjukuu wangu, akasimama hatua mbili mbali, kama ilivyoandikwa ukutani.

"Kesho tunaanza saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu," alisema Nyoosha, akiwa anakunja waya. "Imebandikwa. Chai ni saa nne. Na usipenge wakati wa kurekodi, inasikika."

"Sawa," alisema yule bwana.

Asubuhi ya pili nilifungua duka mapema kuliko wote, nikashika chupa ya kunyunyizia niijaze. Ilikuwa imefungwa karatasi kwa mpira, mwandiko umenyooka kama marinda: MAJI TU. BIBI USIGUSE.

Nikaiweka chini. Sikubadilisha kitu.